Jeli ya kuotesha nywele: kazi kubwa ni kuiyeyusha dawa

Gramu 100 za jeli yenye asilimia 5 ya minoksidili, dawa inayopakwa kichwani kuotesha nywele, zinahitaji gramu 5 za dawa yenyewe. Vidonge vya minoksidili, vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya presha, huja vikiwa na miligramu 2.5 au 10 kila kimoja. Kwa hiyo anayetaka kupata hizo gramu 5 kwa kusaga vidonge vya miligramu 10 atasaga vidonge 500. Anayesaga vidonge kumi na kuvikoroga ndani ya kopo la nusu kilo la jeli ya kulazia nywele amepata asilimia 0.02, yaani sehemu moja kati ya 250 ya nguvu aliyokusudia, na juu yake wanga na vijazo vya kidonge vikimganda kichwani.

Nimetanguliza hesabu hii kwa sababu swali la jeli huletwa kwenye dirisha la famasia mara nyingi hapa Nairobi. Huyu nywele za kando ya paji zimerudi nyuma baada ya miaka ya kusuka, yule utosi umeanza kuwa wazi kabla hajafika miaka 30. Wengi wameshazunguka maduka ya vipodozi ya Dubois Road, wamenunua mafuta ya mbarika na ya rozimari, na sasa wanauliza: kwa nini msinichanganyie tu dawa ndani ya jeli? Swali ni la haki kabisa. Kutengeneza jeli ya namna hiyo kunawezekana, na wanasayansi wa dawa wamelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi. Ugumu wake umejificha mahali ambapo watu wengi hawatazami: ndani ya hicho kinachoibeba dawa.

Kwanza, kwa nini mtu atake jeli wakati dawa ya maji ipo? Dawa ya maji ya minoksidili ni nyepesi. Ukiidondosha kichwani, huteremka. Kwa mtu aliyesuka matuta, hufuata mstari mpaka shingoni au kwenye paji la uso. Paji likilowa kila siku, vinyweleo vya usoni navyo huamka, na mwanamke aliyetafuta nywele za kichwani hujikuta na nywele laini mashavuni. Jeli hukaa ulipoipaka. Faida yake kubwa ni hiyo, na kwa vichwa vyetu ambavyo mara nyingi vimesukwa, si faida ndogo.

Minoksidili haikuanza kama dawa ya nywele. Kampuni ya Upjohn ya Marekani ndiyo iliyoitengeneza kushusha shinikizo la damu, na kidonge chake, Loniten, kiliidhinishwa huko mwaka 1979 kwa wagonjwa ambao presha yao ilikuwa imeshindikana kwa dawa nyingine. Wagonjwa wakaanza kuota nywele usoni, mikononi, mgongoni. Madaktari wa ngozi wakaona fursa hapo, na mwaka 1988 dawa ya kupaka ya asilimia 2 ikaidhinishwa kwa wanaume kwa jina la Rogaine. Ya asilimia 5 ilifuata mwaka 1997, na povu la asilimia 5 likaja mwaka 2006. Historia hii ina uzito kwa mchanganyaji: kitu anachokitia kwenye jeli ni dawa inayotanua mishipa ya damu, na ikiingia mwilini kwa wingi moyo hutambua. Ikipakwa kwenye ngozi nzima isiyo na vidonda, takriban asilimia 1.4 tu ya dawa huingia kwenye damu. Kichwa kilichochubuka kwa kukwaruzwa au kuungua kwa dawa ya kulainisha nywele hupitisha zaidi.

Sasa tuje kwenye kiini.

Minoksidili ni unga mweupe usiopenda maji. Mililita moja ya maji huyeyusha takriban miligramu 2.2 tu. Ethanoli, ile alkoholi ya kawaida, huyeyusha kama miligramu 29. Propilini glikoli, kimiminika kizito kisicho na rangi kinachotumika kwenye dawa na vipodozi vingi, huyeyusha kama miligramu 75. Alkoholi nyingine inayofahamika, isopropanoli, hufika miligramu 6.7 tu, na asetoni hata nusu miligramu haifiki. Jeli ya asilimia 5 inadai miligramu 50 kwa kila mililita. Linganisha namba hizo na utaona mara moja kwamba jeli za kawaida za nywele, ambazo karibu zote ni maji yaliyoshikwa na kitu cha kuyafanya mazito, haziwezi kuibeba dawa hii. Katika kila miligramu 50 utakazotia, karibu 48 zitabaki chembe ngumu. Mchanganyiko utaonekana mweupe na laini, pengine hata wa kuvutia, lakini chembe ngumu haipenyi ngozi. Ili molekuli iingie ni lazima kwanza iwe imeyeyuka.

Ndiyo maana dawa ya maji ya asilimia 5 ya asili ilitengenezwa kwa sehemu kama 50 za propilini glikoli, 30 za ethanoli na 20 za maji. Watu huona alkoholi kwenye lebo wakalalamika kwamba inakausha nywele, na kweli inakausha. Lakini ipo pale kwa kazi maalumu. Ikipakwa, ethanoli na maji hupaa ndani ya dakika chache. Kimiminika kinapungua, dawa haipungui, hivyo msongamano wake unapanda hata kupita ule ambao kiyeyushi kilichobaki kinaweza kuubeba kwa utulivu. Katika hali hiyo dawa inakuwa kama inatafuta mlango wa kutokea, na mlango ulio karibu ni ngozi. Msukumo huo ndio unaoipenyeza kwenye tabaka la juu la ngozi, lile la seli zilizokufa zilizopangwa kwa kubanana na kuzungukwa na mafuta.

Hapa ndipo ustadi wa mtengenezaji hujulikana. Kiyeyushi kikiipenda dawa kupita kiasi, dawa itabaki humo humo juu ya ngozi kwa raha zake. Kikiipenda kidogo mno, itajitenga mapema na kuwa fuwele. Chukua mililita moja ya ile dawa ya maji. Baada ya alkoholi na maji kupaa, inabaki kama nusu mililita ya propilini glikoli, ambayo kwa hesabu ya juu juu inaweza kushika miligramu 37 au 38. Dawa iliyopakwa ni miligramu 50. Zile zilizozidi zitaingia kwenye ngozi au zitaganda. Ule unga mweupe ambao watumiaji huudhani kuwa mba, mara nyingi ni dawa yenyewe iliyoganda, pesa yao ikipukutika kwenye kola ya shati.

Mtu anaweza kusema: basi ongeza propilini glikoli mpaka hesabu itimie. Jaribu, na utakutana na kichwa kinachowasha. Kuna watu ambao propilini glikoli huwaletea muwasho, wekundu na magamba, na wengine wana mzio nayo kabisa. Povu la mwaka 2006 lilitengenezwa bila propilini glikoli, na watu wengi wa aina hiyo hulivumilia vizuri zaidi. Pia jeli yenye propilini glikoli nyingi haikauki. Inabaki kama mafuta, inachafua mto, inashika vumbi la barabarani, na kwa nywele zilizosukwa inakusanya uchafu kwenye mashina. Mimi naona mchanganyo mzuri ni ule unaokubali kupunguza nguvu kidogo, tuseme asilimia 2 au 3, ili dawa yote ikae imeyeyuka, kuliko ule unaojivunia asilimia 5 kwenye lebo huku nusu yake ikiwa ni mchanga.

Kisha inakuja jeli yenyewe. Kinachofanya kimiminika kisimame ni polima, minyororo mirefu ya molekuli inayotanda na kuyanasa maji. Inayojulikana zaidi ni kaboma. Huuzwa kama unga mwepesi mweupe unaopeperuka hata kwa pumzi, na nusu gramu hadi gramu moja hutosha kwa gramu 100 za jeli. Kama unga wa uji, ukiumimina kwa pupa hufanya madonge yaliyolowa nje na makavu ndani, na hakuna mwiko utakaoyamaliza. Hunyunyizwa taratibu juu ya maji yanayozungushwa, ukaachwa ulowe kwa saa kadhaa. Wakati huo bado ni majimaji yenye uchachu, pH yake, yaani kipimo cha uchachu, ikiwa kama 3. Ukitia tone baada ya tone la kitu cha kupunguza asidi, kwa mfano trietanolamini, minyororo hujikunjua, na mbele ya macho yako maji yanageuka jeli angavu.

Kaboma ina masharti yake, na kila sharti linagongana na kitu fulani kwenye fomula yetu. Haipendi chumvi. Ndiyo maana jeli nyingi huyeyuka zikigusa jasho, na ndiyo maana chembe za chumvi zinazoletwa na viungo vingine hulegeza jeli nzima. Haipendi alkoholi nyingi pia, hasa ikiwa asidi yake imepunguzwa kwa sodiamu haidroksidi: polima hujitenga na kushuka chini kama maziwa yaliyoganda vibaya. Kwa jeli yenye ethanoli nyingi, trietanolamini na jamaa zake hufaa zaidi. Halafu kuna mtego wa asidi. Minoksidili ni besi dhaifu, yaani kinyume cha asidi, hivyo huyeyuka zaidi kwenye asidi, na mchanganyaji anashawishika kuongeza asidi kidogo ili dawa iyeyuke bila propilini glikoli. Lakini asidi huifanya kaboma iporomoke tena, na molekuli ya minoksidili iliyobeba chaji hupita kwa shida zaidi kwenye lile tabaka la mafuta la ngozi. Faida moja inakula nyingine.

Kwa sababu hizo wengine huiacha kaboma na kutumia haidroksipropili selulosi, ambayo hulowa kwenye maji na kwenye alkoholi vilevile na haihitaji kurekebishiwa asidi. Nayo ina ajabu yake: haiyeyuki kwenye maji ya moto. Joto likipita nyuzi 45 hivi, hujitenga. Mtu aliyezoea kuchemsha kila kitu ili kiyeyuke haraka ataiharibu kabla hajaanza. Kama ningelazimika kuchagua moja kwa jeli ya minoksidili yenye ethanoli, ningeanza na hii.

Utaratibu wenyewe unafuata mantiki hiyo hiyo. Dawa huyeyushwa kwanza kwenye propilini glikoli, kwa joto la wastani, mpaka ukiutazama mchanganyiko kwenye mwanga usione hata chembe. Ethanoli huongezwa baadaye, kwa kuwa hupaa na pia hushika moto. Maji huja polepole, na hapo ndipo fuwele hutokea kama hesabu ilikosewa. Polima huingia mwisho au huandaliwa kando. Kisha jeli huachwa itulie siku nzima, tone lake likapakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini likikauka. Fuwele zikijitokeza ndani ya dakika mbili tatu, fomula inarudi mezani.

Hata jeli iliyofaulu vipimo vyote hivyo inakutana na jambo ambalo mtengenezaji hana uwezo nalo. Minoksidili ikifika kwenye kinyweleo bado haijawa dawa kamili. Inasubiri kimeng'enya kinachoitwa salfotransferesi kiigeuze kuwa minoksidili salfeti, na hiyo ndiyo inayofungua njia za potasiamu kwenye seli na kuusukuma unywele uingie awamu ya kukua. Kiasi cha kimeng'enya hicho hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Wawili wakitumia kopo moja, mmoja anaweza kuota na mwingine asione kitu, na wote wawili walipaka sawasawa. Ninapomsikia mtu akisema dawa ilikuwa feki kwa sababu haikumwotesha, huwa naomba tulipime jambo hili kwanza kabla ya kumlaumu muuzaji.

Na kuna swali linalotangulia yote: nywele zimepotea kwa sababu gani? Dawa hii ina ushahidi mkubwa kwenye upara wa kurithi, ule wa utosi na pembe za paji kwa wanaume, na wa kupungua katikati ya kichwa kwa wanawake. Hapa kwetu tatizo lingine ni kubwa sana. Pita Kenyatta Market siku ya Jumamosi uone vichwa vinavyovutwa na mikono miwili au mitatu kwa pamoja ili rasta ziishe haraka. Nywele zinazovutwa miaka nenda miaka rudi hukatika kwanza, kisha vinyweleo vya kando ya paji huchoka. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliochunguzwa wana upara wa namna hiyo. Ukiwahi mapema, kulegeza msuko peke yake huweza kurudisha nywele, na madaktari wa ngozi huongeza minoksidili kusaidia, ingawa ushahidi wake hapo si mwingi kama kwenye upara wa kurithi. Ukichelewa, kinyweleo hugeuka kovu. Kovu halioti, hata upake jeli iliyotengenezwa kwa ustadi wa namna gani.

Kuna upara mwingine wa makovu unaoanzia utosini na kupanuka kwa mzunguko, unaowapata zaidi wanawake weusi, mara nyingi ukiambatana na muwasho au maumivu. Huo unahitaji daktari wa ngozi haraka ili azime uvimbe kabla makovu hayajaenea. Mabaka ya mviringo yanayotokea ghafla ni ugonjwa wa kinga ya mwili na una tiba zake. Na mtoto wa shule mwenye mapunye anahitaji dawa ya fangasi ya kumeza, kwa kuwa fangasi huyo amejichimbia ndani ya unywele. Wote hawa wanaweza kutumia miezi na jeli wakapoteza muda ambao hawataurudisha.

Jeli ya minoksidili ni dawa, hata kopo lake likiwa na picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu. Umoja wa Ulaya umeiweka minoksidili kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi. Hapa Kenya, dawa ziko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu, kwa Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244. Mfamasia kumchanganyia mgonjwa mmoja kwa maagizo ya daktari ni jambo moja. Kutengeneza makopo mia na kuyapeleka saluni ni kiwanda, na kiwanda kina masharti yake: jeli iwekwe miezi sita kwenye nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 ionekane kama inastahimili, dawa ipimwe mwanzo na mwisho, pH na mnato virekodiwe, na ikiwezekana upenyaji upimwe kwa chombo cha Franz, vyumba viwili vyenye kipande cha ngozi katikati, mara nyingi ya sikio la nguruwe, ili kuona ni kiasi gani kinavuka kwa saa.

Masharti hayo huonekana kama urasimu mpaka yanapokosekana. Mwaka 2019 huko Uhispania watoto wachanga walianza kuota nywele usoni na mwilini. Walikuwa wakinywa dawa ya tumbo iliyochanganywa kwenye famasia, na unga ulioletwa ukiwa na lebo ya omeprazoli ulikuwa minoksidili. Unga mweupe unafanana na unga mweupe. Jicho halitofautishi, pua haitofautishi. Kinachotofautisha ni kipimo cha maabara na karatasi ya uchunguzi inayofuatana na kila mfuko. Kwa hiyo ukienda kuchanganyiwa, muulize mfamasia ana karatasi hiyo, na lebo yako iwe na nguvu ya dawa, tarehe ya kuchanganywa, tarehe ya kutupa na orodha ya viyeyushi. Chagua tyubu au chupa ya kubonyeza kuliko kopo la mdomo mpana. Kila unapofungua kopo, alkoholi inatoka na fuwele zinakaribia.

Kwa anayeanza, paka kiasi kilichoagizwa kwenye ngozi kavu ya kichwa, mara nyingi mara mbili kwa siku. Paka kwenye mistari kati ya matuta, wala si juu ya nywele, kisha nawa mikono. Subiri ikauke kabisa kabla ya kuwasha mashine ya kukausha nywele au kusimama karibu na jiko. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie. Mtoto asilale kichwa chake kikigusa chako, na paka wa nyumbani asikulambe, kwa maana kiasi kidogo tu cha minoksidili kinaweza kumuua. Kati ya wiki ya pili na ya nane nywele zinaweza kudondoka zaidi ya kawaida, kwa sababu zile za zamani zinapisha mpya, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Piga picha ya sehemu hiyo kila mwezi, mwanga ule ule, kichwa kikiwa kimefumuliwa. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo matokeo hayatarajiwi kabla ya mwezi wa nne. Mwezi wa sita ukipita bila tofauti, peleka picha hizo kwa daktari wa ngozi.